Sikio na Msiba wa Ditram Gama

Fundi Ditram Gama alichagua wiki mbaya ya kufa. Angejua, angecheka mwenyewe, maana hakuna jambo ambalo mtu yule hakulicheka. Moyo ulisimama akiwa mezani, tonge mkononi, na kabla mkewe Tekla hajapiga yowe la pili kijiji kizima cha Mtandasi kilikuwa kimeshika kichwa. Wengi walimlilia Ditram. Wachache, tusidanganyane, walililia umeme.

Filotea Mbano alivililia vyote viwili. Ditram ndiye aliyemshikia baiskeli alipokuwa mtoto, akamsukuma kwenye mteremko wa kanisani na kumwachia bila kumwambia. Na Ditram huyo huyo ndiye alikuwa fundi mkuu wa Kinu cha Joto, shimo ambalo lingechimbwa kilomita nane kwenda chini mpaka kwenye mwamba unaowaka, mvuke utoke, umeme uende Songea na Njombe na mbele huko. Filotea alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akainua uso kutazama nguzo iliyosimama mbele ya nyumba ya marehemu. Juu yake kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya hindi, na chini ya kitu hicho taa. Taa ilikuwa ya kijani. Alimshukuru Mungu, halafu akaona aibu kwamba maiti haijapoa na yeye anatazama taa.

Punje ile iliitwa Sikio, na hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu asiyelijua Sikio hawezi kuelewa kwa nini watu wazima, wenye akili zao, walifanya mambo waliyoyafanya wiki ile.

Miaka hiyo mvua zilikuwa zimeshatupa mkono. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa na mababu yalibaki matope yenye nyufa. Mashine za kusaga zilikufa, wanawake wakarudi kwenye vinu vya kutwangia, na hospitali ya Mtandasi ilitunza dawa za sukari kwenye mtungi wa maji. Joto lilikuwepo chini ya miguu yetu, bure kabisa, ila kulifikia kulitaka mtaji ambao serikali haikuwa nao. Mtaji ulikuwa kwa kampuni ya Bi Sigrun, iliyotoka Aislandi, nchi ambayo watu wake wamezoea kupasha nyumba zao kwa moto wa ardhini. Kampuni ilileta theluthi ya fedha kutoka mfukoni mwake, na kwa hiyo uchimbaji ulikuwa umeshaanza. Zilizobaki zilikuwa za kukopa, na mabenki ya enzi hizo hayakopeshi mradi wa ugenini bila bima.

Wenye bima nao wana hofu zao tatu, na ni zile zile za tangu zamani. Kwamba serikali itaamka siku moja iutaifishe mtambo. Kwamba shilingi itaporomoka, na faida ishindwe kubadilishwa ikatoka nje. Kwamba wenyeji watachoma kila kitu. Hofu ya kwanza waliitibu kwa mkataba wenye msuluhishi wa nchi ya tatu. Ya pili waliitibu kwa kukubaliana kwamba sehemu ya umeme itauzwa Zambia kwa fedha za kigeni. Ya tatu waliliachia Sikio.

Zamani hofu hiyo ilipimwa na wataalamu waliokaa hotelini, wakala kuku, wakaandika ripoti nene. Wenye bima walipoteza fedha nyingi kwa ripoti hizo, wakasema basi, tuwasikilize watu wenyewe. Sikio likapandwa kwenye nguzo zote za nje, si majumbani, sheria ilikataza. Kwa wiki nzima kabla ya mkopo kusainiwa, lilisikiliza kila neno, kila sauti iliyopanda, kila kishindo cha miguu iliyokimbia kwa pamoja. Lilijua Kiswahili, Kingoni na Kihehe kuliko mapadri. Likisikia shwari, taa kijani. Likisikia manung'uniko, manjano. Likisikia ghasia, nyekundu, na nyekundu ikikaa, wenye bima wanajitoa, mabenki yanafunga mifuko, na mwekezaji anapanda ndege.

Filotea alikuwa mpima hatari wa hao wenye bima. Alikuwa mtoto wa hapo hapo, lakini leseni yake ilitoka mbali, na ilikuwa na amri moja kubwa: mpima hagusi mizani. Haruhusiwi kumfundisha mwenyeji yeyote namna ya kuongea ili taa iwe kijani. Akifanya hivyo ni udanganyifu, bima inakufa, na leseni inakwenda.

*

Bi Sigrun alikuja kutoa pole akiwa bado na buti za kazini. Alimshika Tekla mikono, akakaa mkekani na wanawake kama alivyofundishwa, na alipoinuka akamwita Filotea pembeni, ndani ya gari, akafunga vioo.

"Dada Filotea," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia shimoni, "mwaka jana nilikuja msiba wa mama yake Ditram. Wale wachimbaji Wahehe walilala ndani ya kaburi. Walisema wataichoma nyumba."

"Walikuwa wanatania. Wangoni na Wahehe ni watani."

"Mimi najua. Sikio linajua?"

Jibu Filotea alikuwa nalo, na hakulipenda. Sikio lilijua maneno yote, lakini halikujua nani anaruhusiwa kumwambia nani nini. Kwa Sikio, mtu akisema nitachoma nyumba hii, amesema atachoma nyumba hii. Na nusu ya wachimbaji wa Kinu walikuwa Wahehe wa Iringa. Watu hao, mtani wao akifa, hawaji msibani kukaa kimya. Wanakuja kutukana wafiwa, kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kuzuia jeneza mpaka walipwe. Ndiyo haki yao na ndiyo kazi yao. Msiba wa Mngoni usio na Mhehe wa kuuvuruga ni msiba uliopoa.

"Sikuombi kitu," Sigrun alisema, akitazama mikono yake. "Nikikuomba tutakuwa wezi wawili. Nasema tu kwamba kama taa itakuwa nyekundu, benki ya kwanza itaondoka siku hiyo hiyo, na zingine zitaifuata. Kampuni yangu haina nguvu ya kuja tena."

Hakuomba. Na Filotea, ambaye katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kuigusa mizani hata kwa ncha ya kidole, alishuka kwenye lile gari akiwa ameshaamua. Nasema hivi ili asije mtu akamlaumu mzungu. Uamuzi ulikuwa wa Filotea, na aliufanya kwa sababu aliutaka ule umeme kuliko alivyotaka kitu chochote duniani.

*

Balbina Kihwele, msimamizi wa zamu ya Wahehe, alimpokea sebuleni kwake, mahali ambapo Sikio halikufika. Alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyoweza kusimamisha mtambo bila kugusa swichi.

"Kamwene, mtani," alisema. "Umekuja kutuomba radhi kwa kutufia katikati ya kazi? Wangoni hamna adabu. Mtu anakufa na funguo za stoo mfukoni."

Siku nyingine Filotea angemrudishia. Siku hiyo alikaa kwenye kiti na kumweleza yote: Sikio, taa, mabenki, na kile alichokuja kuomba. Balbina alisikiliza, na uso ukawa unamshuka polepole.

"Yaani nimzike Ditram kama nazika karani wa benki."

"Mpaka azikwe tu, dada. Kesho tu, basi."

"Na Wangoni wakiniuliza mbona tumenuna?"

"Usiwaambie. Mtu akilisema nje, Sikio litasikia. Itakuwa tumeliigizia, na hapo ndiyo tumeharibu zaidi."

"Na watu wangu?"

"Nao usiwaambie sababu. Waambie tu wanyamaze."

Balbina aliinuka akaenda dirishani. Mjukuu wake alikuwa mgonjwa wa sukari, na mwezi uliopita dawa yake iliharibikia kwenye ule mtungi wa hospitali. Mtoto alilala hajitambui mpaka dawa nyingine ilipoletwa kwa pikipiki kutoka Songea. Filotea alilijua hilo, na alijua pia kwamba amekuja kulitumia. Alijichukia, lakini hakuinuka kwenda zake.

"Nitafanya," Balbina alisema bila kugeuka. "Kwa ajili ya yule mtoto nitafanya. Lakini ulichokuja kuniomba ni kibaya, Filotea, na unajua ni kibaya, ndiyo maana umekuja na uso huo."

*

Wahehe walikuja msibani wamevaa vizuri. Walitoa pole kwa mkono mmoja mmoja, wakachangia, wakakaa upande wa kushoto wa uwanja na kufunga midomo. Hakuna aliyemwambia Tekla kwamba mumewe amekufa kwa kukwepa kununua bia. Hakuna aliyeingia chumbani kuchukua suruali ya Ditram. Balbina alikaa mbele yao, mikono mapajani, anatazama chini.

Wangoni walisubiri. Asubuhi ikapita. Kila gari lilipoingia watu waligeuza shingo, wakidhani sasa ndiyo vituko vinaanza, na vituko havikuanza. Filotea alikuwa ameketi karibu na Tekla, akamsikia akinong'ona.

"Tumewakosea nini?"

"Nani, shangazi?"

"Watani. Wanamzika mume wangu kama hawamjui. Ditram aliwafanyia nini hawa?"

Filotea alifungua mdomo, akakumbuka nguzo, akaufunga. Mwanamke anafiwa mara mbili mbele yake, na dawa anayo yeye, na hawezi kuitoa.

Chakula kilipoletwa mambo yakawa mabaya zaidi. Wanawake wa Kihehe walikuwa wamepika maharage sufuria mbili. Vijana wa Kingoni walichukua ugali, wakayapita yale maharage kama hayapo. Kijana mmoja alisogeza sahani yake mbali na sahani ya Mhehe. Baadaye Filotea aliona vyuma vya kuchimbia vimeegemezwa ukutani upande wa kulia, nyuma ya migongo ya akina Gama, vyuma ambavyo asubuhi havikuwepo, na havikuwa vya kuchimbia kaburi kwa sababu kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Aliona pia kwamba Wahehe wawili wameondoka na kurudi na makoti mazito, na jua lilikuwa kali.

Akainua macho. Taa ilikuwa ya kijani, tena kijani kilichotulia kuliko siku zote za ile wiki. Mashine ilikuwa inafurahi. Ilisikia watu wapole, wanaoongea chinichini, wanaosema asante na samahani, na ikawaandikia wakubwa wake kwamba Mtandasi ni mahali salama pa kuweka fedha.

Wakati wa kutoa jeneza ulipokaribia, Wendelin, mdogo wake Ditram, alivuka uwanja. Alikuwa mtu mtaratibu, mwalimu wa shule, na alisimama mbele ya Balbina akaongea kwa sauti ya darasani.

"Mama Kihwele, shikamoo."

"Marahaba."

"Nina swali. Kaka yangu alifia mezani jioni, lakini mchana alikula kantini ya kazini. Mpishi wa kantini ni wa kwenu, sivyo?"

"Ni wa kwetu."

"Na nyie leo mmekuja kuzika, hamtaki kututazama usoni. Nauliza tu. Kuna kitu mnakijua?"

Nyuma yake vijana walikuwa wameshasimama. Upande wa pili wale wenye makoti nao walisimama. Hakuna sauti iliyopanda. Mtu yeyote aliyezaliwa na mama aliweza kuona kwamba damu itamwagika pale ndani ya muda wa kuvuta pumzi mbili, na taa juu ya nguzo iliendelea kuwa kijani, kijani, kijani.

Balbina alimtazama Filotea. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anasubiri, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi na aliyepewa ahadi hiyo ndiye peke yake wa kumfungua.

Filotea aliufikiria mtungi wa dawa. Aliifikiria leseni yake. Aliwafikiria wanawake na vinu vyao. Wakati mwingine mtu anasimama kabla hajamaliza kufikiri, na ndivyo ilivyokuwa. Alijikuta ameshasimama katikati ya uwanja, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa ukubwa.

"Balbina Kihwele. Mnakaa kwa adabu hivi mmekuja kuzika au mmekuja kuposa? Kama mmefuata mbwa wetu semeni. Wapo nyuma ya nyumba. Chagueni aliyenona mkamle kwenu, mtuachie msiba wetu."

Wendelin aligeuka. Tekla aliinua uso kutoka kwenye kanga.

Balbina aliinuka taratibu, akajikung'uta vumbi kwenye sketi, na alipofungua mdomo ilikuwa ile sauti ya kusimamisha mtambo.

"Msikieni Mngoni huyu. Mmetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini, mkapita nchi nzuri zote hamkuziona, mkafika hapa mmechoka, na mpaka leo hamjui kuzika mtu bila Mhehe. Nyie ni watu? Toka hapo. Hii maiti ni yetu. Ina funguo zangu za stoo mfukoni na deni la chai. Haitoki."

Na kama lango la bwawa lililofunguliwa, Wahehe wakaja. Walivuka uwanja kwa mbio, wakayavua yale makoti, wakalizingira jeneza na kulikalia. Mmoja alichukua kofia ya kazini ya Ditram akaivaa, akatembea kwa kuchechemea kama Ditram, akaupiga teke mtungi wa gesi na kuutukana kwa maneno yale yale ambayo Ditram alikuwa akiutukania mtambo. Wengine walimwagia majivu vijana wa Kingoni vichwani. Walidai mbuzi. Walisema mbuzi asipoletwa wataichoma nyumba na Wendelin akiwa ndani, kwa kuwa anaonekana mkavu na ataungua vizuri.

Tekla alicheka. Kicheko kilimtoka pamoja na kilio, kwa nguvu, mpaka wanawake wakamshika, na watu wote wakasikia kwamba sasa mama huyu amefiwa sawasawa. Wendelin alisimama na majivu usoni, akatazama huku na huku, halafu akamwangukia Balbina begani akalia kama mtoto.

"Mlikuwa wapi, watani? Toka asubuhi mlikuwa wapi?"

"Tupo," Balbina alisema, naye analia. "Tupo, mjinga wewe. Tungekwenda wapi?"

Vyuma vililala chini. Vijana walikuwa wanagombania yale maharage. Na juu ya nguzo taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto.

*

Taa ikifika hapo, Sikio halisubiri mtu. Kioo cha simu alichokuwa nacho Filotea mfukoni kilijiwasha chenyewe, akalazimika kukitoa na kukisimamisha juu ya meza ya chakula. Ndani yake alikuwa Bwana Ranasinghe, mwenyekiti wa wenye bima, mzee mwenye miwani, ameketi ofisini kwake Kolombo. Kioo kilikuwa kinatafsiri kwa pande zote mbili.

"Bi Mbano, uko salama? Ninasoma hapa: kutekwa kwa maiti, madai ya malipo, tishio la kuchoma nyumba, tishio la kuua mtu kwa jina. Mkataba unanitaka nilifunge faili. Nasikitika."

Sigrun alikuwa amesimama nyuma ya Filotea, mweupe kama unga. Alikuwa ameona vile vyuma, na alikuwa ameona kilichovilaza.

"Kabla hujafunga," Filotea alisema, "andika na hili. Nimeigusa mizani. Jana nilikwenda kwa mama huyu nikamwomba anyamazishe watu wake, ili taa yenu iwe kijani. Leo hii saa chache zilizopita mlikuwa na kijani kizuri kuliko vyote, sivyo?"

Mzee alitazama pembeni. "Kweli. Kilikuwa kizuri sana."

"Wakati wa kijani hicho watu walikuwa wanakaribia kuuana mbele ya macho yangu. Nyekundu hii unayoiona, hapa wanakula sahani moja."

"Hilo ni neno lako, Bi Mbano, na umeshaniambia mwenyewe kwamba umedanganya."

"Basi usinisikilize mimi. Lisikilize Sikio. Liulize kwenye kumbukumbu zake. Miradi ile mliyolipa fidia hata baada ya kulipanda, ile iliyochomwa, wiki ya mwisho kabla ya moto taa ilikuwa rangi gani?"

Ranasinghe hakupenda swali lile, ilionekana. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi na asiulize swali moja, si kwa ujinga, ila kwa kuwa kila mtu mezani ana shughuli nyingi. Halafu akaliuliza. Sikio likajibu kwa sauti yake isiyo na chumvi, na uwanja mzima ukalisikia likitaja mradi mmoja baada ya mwingine.

"Kijani. Kijani. Manjano. Kijani. Kijani. Kijani."

Mzee alivua miwani.

"Huo wa pili nilikuwepo," alisema. Hakuwa tena anaongea na Filotea, alikuwa anaongea na meza yake. "Ulikuwa mgodi. Nilikwenda mwenyewe. Walitukaribisha vizuri, hawakuuliza hata swali moja. Niliandika kwamba wenyeji ni wapole. Wenzangu watatu hawakurudi kutoka kule."

Filotea alimwonea huruma, lakini hakuwa na nafasi ya huruma ndefu.

"Hawa wazee wao walipigana vita, bwana," alisema, "Wangoni na Wahehe, wakauana mpaka wakachoka na hakuna aliyeshinda. Walipochoka wakapatana hivi: wewe utanitukana na mimi sitakasirika, na siku nikifiwa utakuja. Hiyo ndiyo bima yao, na haijavunjika mpaka leo. Nyinyi mmekuja kupima hatari, mkaisikia bima ya watu inafanya kazi, mkaiita moto. Mimi nikaja nikaizima, kwa faida yenu, na nusura niwaunguze wote."

"Basi tulifundishe Sikio. Utuletee maneno ya utani, tulitie ndani."

"Hapana." Alilisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Utani ukishapimwa, watu watauigiza kwa ajili ya mkopo. Wataanza kutukanana kwa ajili ya taa. Tuma watu, bwana. Waje wakae, wale, wazike na sisi. Siku watakayoona watani hawaji msibani, ondoa fedha zako mbio."

Sigrun alisogea mbele ya kioo. "Na kampuni yangu itaongeza mtaji wake kwenye hasara ya kwanza," alisema. "Pakitokea ghasia, tutaumia sisi kabla yenu. Nimekaa hapa. Nimeona. Siogopi."

Ranasinghe akaanza kuongea polepole, na kila mtu alisogea kumsikia. Sikio litazimwa kwenye misiba yote na harusi zote. Hakuna mwenyeji atakayeombwa kunyamaza, na atakayemwomba atavunja mkataba. Wapima watakaa vijijini badala ya kwenye skrini. Kwa masharti hayo, alisema, yeye kama mwenyekiti anaiandika bima upya na kutia sahihi leo, na bei ya bima itashuka, kwa kuwa hajawahi kupewa mradi ambao hatari yake ameielewa namna hii.

"Leseni yako naichukua, Bi Mbano. Uliigusa mizani."

"Ichukue."

"Nafasi ya kuwaongoza hao wapima watakaokaa vijijini haihitaji leseni ile. Fikiria."

Sigrun alikaa chini mavumbini na buti zake akaficha uso. Nderemo zilianzia upande wa wanawake, na zilipofika kwa vijana ziligeuka kelele tupu. Mtu wa nje angedhani ni harusi, na Tekla mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga vigelegele vya kwanza, kwa maana Kinu kilikuwa cha mumewe kabla hakijawa cha mtu mwingine.

Filotea aliinua mkono kuzima kioo, Balbina akamzuia. Alikuwa bado amekaa juu ya jeneza. Alikinyooshea kioo kidole.

"Na huyo mzee asiondoke. Alituziba midomo kwenye msiba wa mtani wetu. Naye atoe ada. Asipotoa, Ditram haendi popote, tutakaa naye hapa mpaka mvua zirudi, na tutamfuata huko huko kwake tumchukulie na miwani."

Tafsiri ilikuwa inamfikia Ranasinghe, na watu waliona macho yake yakihama kutoka kwa Balbina kwenda pembeni, ambako Sikio lilikuwa linamwandikia kwa herufi nyekundu: tishio la moja kwa moja dhidi ya mwenyekiti, mateka mmoja, dai la malipo. Filotea hakuweza kumsaidia mzee, na safari hii hakutaka. Mzee aliyasoma yale maandishi mpaka mwisho. Akavaa miwani yake vizuri.

"Mwambie mama huyo," alisema, "anataka jogoo au mbuzi?"

"Mbuzi," Balbina alijibu kabla ya tafsiri kwisha. "Na asiwe mwembamba kama wewe."

Kicheko kilichopanda pale kiliwatoa kunguru kwenye mabati. Balbina akashuka, Wahehe wakaweka mabega chini ya jeneza upande wa mbele, akina Gama upande wa nyuma, wakamtoa Ditram nyumbani kwake nusu kwa kutembea nusu kwa kukimbia, wakitukanana njia nzima. Filotea alikwenda nao, amemshika Tekla mkono, analia na kucheka bila kujua kipi ni kipi. Mkopo wa Kinu cha Joto ulisainiwa wakiwa njiani kwenda makaburini, na nguzo zote walizozipita zilikuwa zinawaka nyekundu.